Nguzo Nne, Bila Ukuta

Nilitaka kivuli tu.
Nguzo nne za bomba, mabati sita,
gari lipumzike chini yake
kama ng'ombe aliyerudi machungani.
Si ghorofa. Si duka. Si kioski cha mtu.

Kisa chenyewe ni kongoti.
Wamehamia mgunga wa nyuma yetu, hapa South B,
wakarundika matita ya vijiti juu kwa juu,
hakuna aliyewauliza ramani,
na kila alfajiri wanalishushia gari langu
chokaa isiyotoka hata kwa sabuni ya unga.

Musembi wa kuchomelea alipima kwa hatua zake:
"Mama Chemutai, Ijumaa tumemaliza."
Alhamisi wakaja vijana wa kaunti, wawili,
mmoja ameshika kopo la rangi nyekundu.
Wakachora X kwenye nguzo ya kwanza,
ndogo, maana nguzo ni nyembamba;
rangi iliyobaki ikaumwagikia mchicha.

Ofisini, dirisha la saba:
"Kina paa?"
Kina.
"Basi ni jengo."
Lakini hakina ukuta. Hakina mlango.
Upepo unapita bila kupiga hodi.
"Kina paa."
Na nikitandaza turubai?
"Turubai ni la muda."
Muda gani?
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa umri wa mawe.

Nikatoka na orodha:
hati ya kiwanja, stakabadhi ya kodi ya ardhi,
mchoro wenye muhuri wa msanifu (kwa nguzo nne!),
umbali kutoka barabarani, umbali kutoka mpakani,
sehemu ya kiwanja iliyokwisha kufunikwa.
Nikahesabu jikoni, choo cha nje,
banda la kuku la marehemu,
nikashangaa nilivyoifunika dunia.

Na mwisho kabisa, kwa herufi za sisimizi:
idhini ya jirani unayepakana naye.

Hapo kalamu ikaniponyoka.

Bwana Okemwa na mimi hatujasalimiana
tangu mwaka ule wa ua,
kayaba, sentimita arobaini,
akidai nimeingia kwake,
nikidai yeye ndiye aliyeanza.
Miaka sita.
Kikohozi chake nakijua kama saa ya ukutani.
Siku aliyomsafirisha mkewe kwenda kumzika
niliona viti vya kukodi vikishushwa, nikavihesabu,
mia na ishirini.
Sikuvuka.

Fomu haikuuliza hayo. Iliuliza sahihi.

Nilibisha saa kumi na moja jioni,
mchoro nimeukunja kama barua ya posa.
Akavaa miwani, akasoma vipimo vyote,
hata vya misumari.
"Maji ya mvua yataangukia wapi?"
Kwangu, nikasema haraka. Sheria inakataza
paa langu kumwagia jirani.
"Yageuze yaje huku.
Nina tangi. Tangu Raeli aende
hakuna wa kukinga."
Akatia sahihi. Mkono ulitetemeka,
jina likavuka kisanduku.
Chai haikutoka. Nami sikuingoja.
Lakini alinisindikiza hadi langoni,
na lango lake si mbali.

Kibali kilichukua miezi minne.
Kimekipunguza kibanda nusu mita:
mstari wa ujenzi hausogei, walisema,
hata kwa mjane, hata kwa kongoti.
Kwa hiyo mkia wa gari umebaki nje,
na ndege wale, wapimaji kuliko mkaguzi,
wanaulenga huo huo.

Kuhusu mfereji,
kwenye mchoro unaelekea kwangu,
na muhuri umekubali.

Ila mvua ikipiga usiku
husikii maji uani mwangu.
Yanavuka kayaba gizani,
na tangi la Okemwa linapokea,
kwanza kwa mlio wa kitu kitupu,
halafu polepole
sauti inazidi kuwa nzito.